Viatu vya Meno vya Gisèle

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chadia aliteremka bombani na kidumu cha njano, akakijaza, kisha akapanda nacho mlima wa Kadutu mpaka nyumbani. Majirani waliokuwa wakipiga mswaki milangoni walimtania kwamba anakimbia kama mtu aliyeiba maji. Yeye alicheka tu. Milima ya Bukavu ndiyo iliyoilea miguu yake, na tangu aingie sekondari hakuna msichana aliyewahi kumpita katika mbio za mita mia nane.

Aliyemkaribia alikuwa Gisèle, rafiki yake wa darasa moja, aliyeishi Nguba karibu na ziwa. Walizoea kukimbia pamoja na kugawana maandazi baada ya mazoezi. Chadia alimpenda Gisèle kwa moyo wote, ila, ukweli usemwe, alimpenda zaidi alipokuwa nyuma yake.

Mambo yalibadilika wiki chache kabla ya mchujo wa shule. Mchujo huo ungemchagua msichana mmoja tu wa kwenda Uvira kwenye mashindano ya mkoa, na Chadia alikuwa amekwisha kuiona safari hiyo kichwani mwake. Jioni moja Gisèle alifika uwanjani na boksi. Ndani mlikuwa na viatu alivyotumiwa na Tonton Steve, mdogo wa mama yake anayefanya kazi Ulaya. Vilikuwa vyepesi mno, vya rangi ya chungwa. Chini vilikuwa na meno madogo ya chuma ya kushika udongo, na ndani ya soli mlikuwa na bamba gumu la kuusukuma mguu mbele. Wanafunzi walivizunguka, wakavipima mikononi. Guylain, ambaye hakosi la kusema, aliuliza kama viatu hivyo vinaweza kukimbia vyenyewe ili Gisèle abaki nyumbani akipika.

Jioni hiyo Gisèle alimpita Chadia kwa mara ya kwanza. Siku iliyofuata akampita tena.

Wivu haukumwingia Chadia kwa kishindo. Ulipenya polepole, kama baridi ya alfajiri inavyopenya chini ya mlango. Alianza kuzitazama raba zake, zilizoshonwa ubavuni na fundi wa sokoni, akaziona mbaya. Gisèle alipomkatia andazi, alisema hana njaa. Prof Bulonza, mwalimu wao wa mazoezi, alipomsifu Gisèle kwa bidii yake, Chadia alisema moyoni kwamba sifa hiyo ni ya viatu. Je, ni haki mmoja akimbie kwa viatu vya namna ile na wengine kwa raba? Swali hilo lilikuwa jema. Lakini Chadia hakumwuliza Prof. Alilibeba kifuani, na huko likachacha.

Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi, na wanafunzi walisafisha uwanja. Chadia alikuwa akivuta kipande cha bati kilichofukiwa konani. Bati likateleza, likamkata mguu juu ya kifundo. Nyumbani mama yake alikiosha kidonda kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, akamwuliza amekipata wapi. Chadia alimwambia ukweli: bati la salongo.

Jumatatu mazoezini wakimbiaji wote walibanana kwenye kona, na kidonda kikatoneshwa chini ya soksi. Chadia akachutama, ameshika mguu. Prof alikuja mbio, akaona damu, akauliza kumetokea nini. Chadia aliinua macho. Mbele yake alikuwa amesimama Gisèle na viatu vyake vya rangi ya chungwa.

"Gisèle alinikanyaga, Prof. Na ile meno ya viatu."

Gisèle alijiziba mdomo. Hakukumbuka kumkanyaga mtu, lakini pale konani miguu ilikuwa mingi, na hakuweza kuapa. Prof Bulonza hakuwa mtu wa kuhukumu haraka. Hata hivyo damu ilikuwa pale, na wakimbiaji wengine walikuwa wadogo. Aliamua kwamba viatu vya meno visivaliwe tena mpaka mchujo upite. Chadia alishusha pumzi. Muda mfupi baadaye alijikuta hawezi kumtazama rafiki yake usoni.

Siku ya mchujo Gisèle alivaa raba zake za zamani. Alikimbia kama mtu anayetembea gizani katika nyumba ya wenyewe. Kila kona alitoka nje, mbali na wenzake, asije akamwumiza mtu tena; na anayezunguka kwa nje hujiongezea njia. Chadia alipita kwa ndani, akashinda. Watu walimpigia makofi. Gisèle alikuja akihema, akampa mkono, akamwuliza kama kidonda kimepona.

Jumapili, baada ya misa, mlango wa akina Chadia ulibishwa. Alikuwa Maman Adèle, mama yake Gisèle, amevaa vitenge vizuri, pamoja na binti yake. Kikapuni mlikuwa na sukari, mchele, na kuku aliyefungwa miguu. Maman Adèle alilelewa hivyo: mtoto wako akimwaga damu ya mwenzake, hata kwa bahati mbaya, hungoji kuitwa, unakwenda mwenyewe na kikapu. Mama yake Chadia, ambaye hakujua lolote, aliwakaribisha na kuwamiminia chai ya tangawizi.

"Maman Chadia, tumekuya kuomba pardon," alisema Maman Adèle. "Mutoto wangu aliumiza wako na ile viatu. Nilisema hatuwezi kukutana ku soko na kuangaliana hivi hivi."

Gisèle alipiga magoti kwenye sementi. "Pardon, Chadia. Sikukuona."

Mama yake Chadia aliweka birika chini. Alimtazama msichana aliyepiga magoti, kisha akautazama mguu wa binti yake, ule aliouosha kwa mikono yake mwenyewe. Hakutaja bati.

"Chadia, mama," alisema kwa upole, "wageni wanaongea na wewe. Mwenye mguu ni wewe. Ujibu."

Chadia angeweza kusema amesamehe, na mambo yangeishia hapo. Kuku angebaki, na safari ya Uvira ingebaki. Neno hilo lilimfika mdomoni. Lakini Gisèle alikuwa bado amepiga magoti.

"Simama, Gisèle," alisema. "Haukunikanyaga. Ni bati ya salongo. Niliona wivu, nikadanganya Prof."

Gisèle aliinuka polepole, akapangusa magoti. Hakumkumbatia.

"Kila kona nilienda inje sababu yako," alisema. "Niliogopa kukuumiza tena."

Kisha akatoka, akamngoja mama yake barabarani. Mama yake Chadia alikirudisha kikapu kwa mikono miwili, akisema kwamba waliopaswa kwenda kuomba pardon ni yeye na binti yake. Maman Adèle alimshika bega, na kuku akarudi Nguba.

Jumatatu Chadia alimweleza Prof yote mbele ya wakimbiaji. Guylain alimwita Mademoiselle Bati, baadhi wakacheka, mpaka Prof alipowatazama.

"Ungeniuliza kama viatu vile ni haki katika mchujo wetu," alisema Prof, "ningekwambia hapana, maana hapa tunachagua miguu. Swali lako lilikuwa zuri kabisa. Ulilalamika moyoni kwamba Gisèle anapata nafasi ambayo wenzake hawana. Halafu ukajipatia yako kwa uongo, naye akazunguka uwanja mzima kwa nje."

Alifuta matokeo. Akasema mchujo utarudiwa, wote kwa raba. Huko Uvira, ambako washindani wengi watakuwa na viatu vya meno, atakayechaguliwa ataruhusiwa kuvivaa, na asiye navyo shule itamwazimia.

Mbio ziliporudiwa, Gisèle hakumkwepa mtu. Alibana kona za ndani, kiwiko chake kikigusa cha Chadia, nyayo zao zikigonga udongo pamoja. Katika mita za mwisho akachomoka, akashinda. Alikuwa amevaa raba.

Nyumbani Chadia alimkuta mama yake akichambua sambaza, vidagaa vya ziwani, vya kuuza kesho. Aliketi karibu naye, akamwambia ameshindwa.

"Alikushinda na nini?"

"Na miguu, Maman. Lakini wivu bado iko."

Mama alitikisa ungo kidogo. "Wivu unapiga hodi kwa kila mutu. Hata mimi, mwenzangu akimaliza samaki yake mbele yangu, ninausikia. Acha ukuje, ukae, lakini usiupatie kazi. Ukiona kitu hakiko sawa, ukiseme wazi mbele ya watu. Kama unaogopa kukisema wazi, ujue si haki inaongea, ni wivu."

Kesho yake jioni Chadia alikwenda uwanjani bila kuitwa, kwa sababu Gisèle alihitaji mtu wa kukimbia naye kabla ya kwenda Uvira.