Magimbi ya Safu ya Saba

Kila Ijumaa baada ya shule, msichana Fetuao alivua sare, akala ndizi ya kuchemsha, akachukua daftari na kupanda kilima kwenda shamba la babu. Kazi yake ilikuwa kuhesabu majani yenye madoa. Safu zilikuwa kumi na mbili, na kila safu ilikuwa na aina yake ya magimbi, ili bwana shamba aone ipi itahimili ugonjwa.

Njiani alipita mashamba yaliyokufa. Miaka sita iliyopita ugonjwa wa majani uliingia Samoa, magimbi yakaoza kijiji baada ya kijiji, harufu ikafika hadi kanisani. Babu Siaosi alikaa pembeni mwa shamba lake siku nzima bila kusema neno. Mwaka haukuisha, akafariki. Tangu hapo watoto walisema mti wake wa kutobolea mashimo ya kupandia husikika kule juu mchana kweupe: du, du, du.

"Babu yako bado analima," binamu yake Pulusila alimtania. "Msalimie!"

"Nenda kamsalimie mwenyewe," Fetuao alijibu huku akicheka.

Lakini Ijumaa moja, akiwa safu ya pili, aliusikia mlio huo. Du. Kimya. Du. Aligeuka, hakuona mtu. Alikimbia mpaka nyumbani, akajibanza nyuma ya jiko na kujaza daftari kwa kubuni. Safu ya saba aliiandikia sifuri, kwa kuwa wiki iliyopita haikuwa na doa. Ijumaa mbili zilizofuata hakupanda kilima kabisa. Aliandika tu.

Jumatatu bwana shamba Ioane alikuja akitabasamu.

"Talofa, Mama Tiresa! Mjukuu wako ametufanyia kazi kubwa: kwa daftari lake, safu ya saba haina doa. Wenzetu wa visiwa vya Palau walitupa miche, sasa ni zamu yetu kuwapa majirani. Alhamisi meli inapeleka miche ya safu ya saba kisiwani Tutuila."

"Tutuila?" Bibi Tiresa alishika kifua. "Dada yangu Lagi yuko huko. Hajachimba gimbi shambani mwake tangu ugonjwa uingie."

"Basi atakuwa wa kwanza kupanda."

Fetuao hakuinua macho. Kesho yake darasani, mwalimu alipoandika ubaoni, yeye aliona majani meusi yakining'inia katika shamba la Bibi Lagi, na mtu ameketi pembeni, amenyamaza.

Jumatano Ioane alirudi na magunia na panga. Fetuao alisimama njiani mbele yake.

"Bwana shamba, usiichimbe safu ya saba."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Sikuhesabu. Nilimsikia babu, nikaogopa. Wiki tatu nimeandika uongo."

Ioane aliweka magunia chini. Alitazama juu kilimani, panga bado mkononi. Bibi alitoka nyumbani, akamshika Fetuao mkono.

"Twende sote."

Upepo ulikuwa umetulia walipofika. Safu ya saba ilikuwa imekwisha: majani yalijaa mabaka ya kahawia, mengine yalikuwa yameanguka matopeni. Kisha ukasikika mlio ule, kutoka upande wa juu. Du.

Fetuao alimkumbatia bibi. "Umesikia?"

"Huusikia kila msimu ninapokuja kupalilia," Bibi Tiresa alisema polepole. "Sijui ni nini. Kama ni Siaosi, hatakasirika tukimtunzia shamba. Hesabu, mjukuu wangu. Niko hapa."

Alihesabu jani kwa jani. Jioni ilipokaribia, safu moja tu ilikuwa imara. Ilikuwa ya nne, fupi na yenye mabua mekundu, ambayo hakuna aliyeitilia maanani.

"Je, inaweza kwenda kesho?" Bibi aliuliza.

"Hapana. Tutaiangalia miezi miwili zaidi, na Fetuao atahesabu mbele yangu," Ioane alijibu.

Miezi miwili baadaye, safu ya nne ilikuwa bado kijani. Walipokuwa wakifunga miche bandarini, Ioane alimgeukia msichana.

"Kuogopa si kosa. Ungeniambia, ningekusindikiza. Lakini watu wa Tutuila hawawezi kuja kuchungulia shamba letu kila Ijumaa. Wanachimba shimo, wanapanda kile tulichowaambia ni kizima. Ukiwadanganya, watoto wao ndio watalala njaa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, bwana shamba."

"Haya, andika jina la Bibi Lagi kwenye gunia. Kwa mwandiko mzuri."