Simu ya Upepo Iliyojibu Yenyewe

Siku ya kwanza Nelly aliitika bila kuitwa. Alikuwa uani akipepeta mchanga kwenye kifuniko cha sufuria, mtoto wa miaka mitano, akainua kichwa na kusema, "Abee." Sebuleni, simu ya upepo ililia mara tatu.

Mama yake, Scolastika, alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Unamwitikia nani?"

"Wewe, mama."

"Mimi sijakuita."

Nelly akaurudia mchanga wake. Ilikuwa saa saba mchana, mwezi wa tisa, Masumbwe nzima imekauka. Lakini Scolastika alisikia harufu ya udongo uliolowa.

Simu ile ilikuwa ya kazi ya mumewe. Masalu alikuwa fundi wa Mzee Ishwarlal, mfanyabiashara wa Shinyanga mwenye maduka hadi kwenye machimbo ya Geita. Mwaka huo, 1996, maduka yale hayakuwa na simu za waya. Wasimamizi walizungumza kwa simu za upepo zilizofungwa majumbani mwao. Masalu aliziandikia programu mpya kwa kompyuta ya tajiri, akaiingiza kwenye chipu ndogo kama mbegu ya tikiti, na kabla ya kuipeleka popote aliijaribu kwenye simu ya nyumbani kwake. Zamani Scolastika ndiye aliyekaa mbele ya simu kumjibu, "Nakupata, nakupata," mpaka mboga inaungua. Masalu alimwonea huruma. Akaandika programu ya kuifanya simu ijibu yenyewe: ikiitwa, inalia mara tatu, maana yake nipo, na kwenye kioo chake inaonyesha namba ya aliyeita.

Kila kituo kilihitaji jina. Cha nyumbani alikiita Nelly.

"Jina la mtoto unalitangaza porini?" Scolastika alimwuliza wakati ule.

"Ni jina tu, Mama Nelly. Ulitaka nikiite Ugali?"

Walicheka wote wawili.

Jioni ya siku ile ya kwanza Masalu alitazama kioo cha simu. Kilionyesha sifuri mbili. Akasema polepole, "Namba hii sijampa mtu."

Ndipo akamweleza mkewe alichofanya wiki iliyopita. Programu ilikuwa na kufuli la kukataa namba ngeni. Kule machimboni, ili majaribio yaende haraka, alikuwa ameliondoa. Duka alilofanyia kazi lilikuwa hatua chache kutoka kwenye duara lililoporomoka, shimo ambalo wachimbaji waliachwa ndani kwa sababu hakuna aliyeweza kuwafikia. Wenyeji walimwambia kuwa pale chini kuna wenyewe, majini wa ardhini, na kwamba hata kabla ya ajali walikuwa wakisikika. Masalu hakuwajali. Mchana kutwa alishika kipaza sauti akirudia, "Yeyote anayenipata, amwite Nelly. Yeyote anayenipata, amwite Nelly."

Scolastika hakumlaumu. Alikwenda kumfunika mtoto.

Tangu siku hiyo, kila saa saba, simu ililia mara tatu na Nelly akasema "Abee". Masalu alirudisha kufuli. Ikalia. Alitoa chipu, akaweka ya zamani. Ikalia. Akachomoa nyaya za betri akaibeba betri yenyewe hadi kwa jirani, na kesho yake yeye na mkewe walisimama mlangoni wameshikana mikono wakisikiliza sanduku lisilo na umeme likilia mara moja, mara mbili, mara tatu, huku ile harufu ya udongo ikipanda kutoka sakafuni kana kwamba kuna mtu anachimba chini ya nyumba kuja juu, na Nelly akatoka kivulini akiwa na nyayo zilizolowa tope la kijivu, tope ambalo halipo Masumbwe, akaenda hatua tatu kuelekea ukutani kama mtoto anayemfuata mtu anayemjua.

Akaacha kula. Mikono yake ikawa baridi. Zahanati walipima damu wakasema si malaria.

Jilala, mganga wa upande wa Ushetu, alikuja akaizunguka simu bila kuigusa. Kisha akauliza, "Nani amemfundisha mtoto kuitika upesi hivi?"

"Mimi," Scolastika alisema. "Nilikuwa namfinya akichelewa. Mtoto wa kike akiitwa mara moja, aitike."

"Umemlea vizuri, mayu," alisema, neno la kwao la mama. "Ila sisi hapa, ukiitwa na usiyemwona, unanyamaza. Jini halina nguvu kwa asiyeitika. Ninyi mmelifundisha sanduku kuitika, na mtoto naye anaitika." Alishusha sauti. "Nitalitoa. Lakini siku ya saba, kabla ya kuondoka, litamwita kwa sauti anayoipenda kuliko zote. Msimzibe mdomo. Anyamaze mwenyewe."

Walikuwa na siku sita za kumfundisha kunyamaza. Scolastika alijificha nyuma ya nyumba akaita, "Nelly." Mtoto alipoitika, Masalu alimchapa mguuni kwa kijiti.

"Na kama ni mama kweli?" Nelly aliuliza akilia.

"Usiitike."

"Hata akilia?"

"Hata akilia, mwanangu."

Nyuma ya ukuta, Scolastika aliuma kanga yake asisikike. Kisha akaita tena. Siku ya sita aliita mara ishirini, na mara ishirini hapakuwa na jibu.

Siku ya saba walikaa mkekani, Jilala akiwa na kibuyu chake mlangoni. Saa saba sanduku halikulia. Lilisema. Lilisema kwa sauti ya Scolastika, sauti ileile ya kumwamsha mtoto asubuhi, Nelly, njoo mama, njoo nikubebe, na Scolastika aliyekaa pale midomo imefungwa akajisikia akiomba, akajisikia akilia kwamba yuko shimoni na maji yamemfika shingoni na mwanawe hataki hata kumwitikia, na Nelly akatetemeka mwili mzima, machozi yakidondoka kwenye magoti yake, asitoe neno, mpaka sauti ikawa nyembamba, ikakatika.

Jilala alimwaga dawa. Wanaume wawili wakalibeba sanduku wakalichoma mbali na mji.

Nelly alipona. Mikono ilirudiwa na joto, akaomba uji, akaumaliza. Wiki moja baadaye Scolastika, moyo mweupe kwa mara ya kwanza, alipakua chakula akaita kutoka jikoni, "Nelly, njoo ule."

Kimya.

Akaita tena. Akaingia ndani mbio. Nelly alikuwa amejikunja nyuma ya mlango, macho ameyafumba, viganja viwili juu ya mdomo.

"Ni mimi, mwanangu. Ni mama."

Mtoto alimtambalia baba yake aliyekuwa ameketi mkekani, akajificha ubavuni mwake, akamnong'oneza sikioni.

"Baba, bado linaita."