Transista Iliyopinduliwa

Jumamosi ile kafe ya mtandao ya Ntinda ilijaa hadi mlangoni. Aryemo, binti wa sajini wa Makindye, alibaki amesimama na kompyuta kifuani, blauzi yake ya njano imelowa jasho. Gradi, kijana wa Bukavu mwenye shati la kitenge lililonyooshwa vizuri, akasogea na kumpa nusu ya kiti.

"Keti, Mama Injinia. Ila ukinisukuma nikaanguka, utanioa."

Aryemo akacheka kabla hajaamua kucheka.

Wote wawili walisomea stashahada ya umeme, vyuo tofauti. Simu zikawa za kila jioni, na Gradi akaahidi kumpeleka kwa Perpétue, mama yake mdogo aliyemlea, anayeuza vitenge Nakasero. Pamoja walichora mradi wa Aryemo: sakiti ya transista, ya kuigizwa ndani ya kompyuta tu. Ukiingiza volti tano, itoe karibu sifuri. Ilitii.

Siku ya kuiwasilisha, mbele ya mkufunzi, skrini ikaonyesha volti nne na nusu. Aryemo akabadilisha rezista, akakagua waya wa ardhi. Volti hazikushuka. Mkufunzi akampa hadi kesho yake. Kwa kuwa Gradi ndiye aliyeshinda na kompyuta hiyo jana yake akiichaji, Aryemo akampigia simu.

"Umegusa nini kwenye mchoro wangu?"

"Sijagusa kitu, sheri, mpenzi wangu. Nisomee volti za kila mguu wa transista, tutafute pamoja."

"Nyinyi Wakongo, kila mnachoshika kinaharibika."

Simu ikakatika. Gradi akabaki nayo sikioni.

Nyumbani Aryemo alipima mguu mmoja mmoja, hadi akauona mshale wa transista ukitazama juu badala ya chini. Akakumbuka. Yeye mwenyewe aliipindua asubuhi ile ile ili nyaya zisipishane, mchoro upendeze machoni pa mkufunzi. Akairudisha. Volti zikaanguka hadi karibu sifuri, naye akalia.

Akamfuata Gradi sokoni Nakasero, akamweleza yote. Gradi akatabasamu kidogo.

"Kumbe uliipindua ili ipendeze. Basi mradi umepona."

"Na sisi?"

"Ungeniita mwizi, ningesahau. Lakini mama mdogo naye ni Mkongo, Aryemo. Sasa nitakuingizaje mlangoni kwake?"

Aryemo aliomba msamaha, akaomba tena. Gradi alisema amemsamehe, na alikuwa anasema kweli. Kisha akamwitia boda, akamvisha helmeti, akamfungia mkanda chini ya kidevu taratibu, asimbane.

Boda ikateremka kilima. Aryemo hakugeuka, akiogopa kukuta ameshaondoka.

Gradi alikuwa bado amesimama.