Ukurasa wa Mwisho wa Ida Croke

Jumatano asubuhi Dorelle aliweka chai mezani, akamwambia mke wake, "Karibu chai, rafiki yangu."

Merrin alicheka. Katika jiko lile alishaitwa majina mengi, mengine hayasemeki mbele ya kasisi, lakini rafiki halikuwamo. Walikuwa wameishi pamoja miaka kumi na tisa na walifunga ndoa mwezi uleule sheria iliporuhusu, wakiogopa serikali isije ikaghairi.

"Nimekukosea nini tena?"

"Hujanikosea. Kwani vipi?" Dorelle akamsogezea siagi kwa adabu, kama mhudumu wa hoteli anayetaka mgeni aondoke salama.

Jikoni kulinuka matufaha yaliyooza. Ilikuwa Oktoba, miti yote ya bonde la Huon, kisiwani Tasmania, imejaa maua, tunda hata moja hakuna.

Kazi ya Merrin ilikuwa kuwinda vitabu. Alipekua maduka ya mitumba ya Tasmania nzima, stoo za makanisa, hata maboksi ya marehemu, akitafuta hadithi za wanawake waliopenda wanawake, kisha akazihakiki kwenye tovuti yake iliyosomwa Australia nzima. Chini ya kila uhakiki aliweka alama: "Wapenzi kweli" au "Marafiki tu." Halafu alisema kama kuna anayekufa, maana waandishi wa zamani hawakuweza kuwaona wanawake wawili wakipendana bila kuwaitia treni iwagonge. Kwa sababu hiyo wahakiki wote wa fani hiyo huanza na ukurasa wa mwisho, wajue mapema kama kuna maiti. Merrin alikuwa akianzia hapo, na siku akichoka, aliishia hapohapo.

Jumanne alikuwa amechoka. Kitabu kilikuwa chembamba, kimechapwa nyumbani mwaka 1934 na Ida Croke, mwanamke aliyelima matufaha bondeni humohumo. Ukurasa wa mwisho ulisema: "Mimi na rafiki yangu Nell tukafunga lango, tukaingia ndani." Hakuna maiti. Merrin akaandika: "Marafiki tu. Usipoteze muda wako." Akautuma uhakiki, akalala usingizi wa mtu mwema.

Alhamisi nguo za Dorelle zilihamia chumba cha wageni. Ijumaa tarishi alifika, na Merrin akamsikia Dorelle barazani akisema, "Huyo? Ni mpangaji mwenzangu. Mtu mzuri, ila anakoroma."

"Unajuaje nakoroma kama ni mpangaji?" Merrin akauliza baadaye.

Uso wa Dorelle ukaingiwa na woga. "Sijui," akanong'ona. "Nadhani yule mama aliniambia."

"Mama gani?"

Dorelle akatazama kiti cha dirishani. Kilikuwa kitupu, lakini mto wake ulikuwa umebonyea kama umekaliwa, na kutoka hapo, saa nne asubuhi jua likiwaka, ilisikika karatasi ikifunuliwa, kisha nyingine, polepole, na kila ilipofunuliwa harufu ya matufaha ilizidi kuwa nzito. Merrin akatazama picha yao ya harusi ukutani, na mikono iliyokuwa imeshikana tangu siku ile ilikuwa imeachana, kila mmoja amekunja yake tumboni.

Watu wengine wakiingiliwa na mizimu humwita kasisi. Wanawake wa Huon humpigia simu Verna, nesi mstaafu wa miaka themanini na moja, aliyejaza gereji yake barua za wapenzi wa kike waliokwisha kufa na ambaye, inasemekana, bado husalimiana nao.

"Hicho kitabu ulikisoma?" Verna akauliza.

"Nilisoma ukurasa wa mwisho."



"Merrin, mwanangu, wewe ni punguani. Miaka tisini Ida anangoja mmoja wetu amfungue. Umemfungua, ukamfanyia walichomfanyia ndugu zake: kumwita mpenzi wake rafiki tu."

"Nifanyeje? Dorelle ameshampigia dada yake aje kumchukua kesho."

"Msomee, kwa sauti, toka mwanzo. Usiruke neno. Na ule upuuzi wako ufute."

Jumamosi Dorelle alikaa barazani na sanduku lake, na Merrin akavuta kigoda mbele ya kile kiti cha dirishani, akaanza kusoma, akasoma kuhusu mbolea na viwavi na baridi iliyoua maua, akasoma huku upande wa pili mtu asiyeonekana akifunua kurasa sawia naye, akafika ukurasa wa arobaini ambapo Ida aliandika jinsi alivyombusu Nell ghalani, na jinsi walivyolala kitanda kimoja miaka thelathini, na kwamba mwishoni ataandika "rafiki" kwa kuwa kaka yake Nell, mwenye shamba, hana subira, husoma ukurasa wa mwisho tu, akaendelea kusoma huku gari likisikika likipanda kilima, pumzi baridi ikimgusa shavuni, mpaka neno la mwisho likatoka na mto ukafutuka taratibu.

Harufu ikakatika. Merrin akafuta uhakiki, akaandika upya: "Wapenzi kweli."

Mlango ukafunguliwa.

"Mke wangu," Dorelle akasema, "mbona dada yangu yuko nje anabeba sanduku langu?"

Merrin alimkumbatia mpaka mwenzake akalalamikia mbavu. Dada akapewa chai, akapewa keki, akarudishwa kwake Launceston akiwa amenuna.

Jioni, Merrin akiwa ameshasimulia yote, wakakaa chini ya rafu ya vitabu alivyohakiki, miguu ya mmoja mapajani mwa mwenzake.

"Mara ngapi umehakiki hivyo?" Dorelle akauliza.

"Hivyo vipi?"

"Unajua vipi."

Macho ya Merrin yakapanda rafuni. Aliacha kuhesabu alipofika sitini. Akainuka kwenda kuweka chai, kwa sababu mikono ilihitaji kazi.

Akiwa jikoni alisikia karatasi zikifunuliwa sebuleni, nyingi kwa pamoja, kama ndege wanaoruka kutoka mtini. Pakanuka sabuni ya hospitali, na udongo mbichi, na manukato ya kizamani, na moshi wa treni. Akarudi mbio.

Kila mto ulikuwa umebonyea. Dorelle alikuwa amesimama katikati ya chumba, ameshika mkoba wake kifuani, anatabasamu kwa adabu.

"Samahani, akina mama wameshajaa," akamwambia. "Nawe, dada, umekuja kwa nani?"