Siri Iliyotoka Chumbani kwa Bibi

Kila akirudi kutoka shuleni, Chiriku alimkuta mama yake kando ya kitanda cha bibi, akichapa kwenye kompyuta majibu ya vipimo vya hospitali. Jina hilo la Chiriku, ndege mpiga kelele, mtoto alibandikwa kwa sababu ya mdomo wake usiotulia.

"Mama, ukituma hayo kwenye intaneti, watu si watayaona?"

"Hawayaoni. Napitia VPN, mtandao binafsi wa hospitali. Ninachotuma hugeuzwa fumbo njiani, kikafunguke kule kule hospitali. Ndiyo maana wameniruhusu kufanyia kazi nyumbani. Wao hawahangaiki kunitafutia chumba, nami simwachi bibi yako peke yake."

Bibi hakuweza hata kujigeuza. Mama alipoinuka kumgeuza, aliiacha kompyuta wazi. Chiriku akachungulia. Jina la mgonjwa alilifahamu: fundi cherehani wa mtaa wao. Ugonjwa: kifua kikuu.

Kesho yake alimnong'oneza mwenzake wa dawati, "Usimwambie mtu." Wiki haikuisha, mtaa mzima ukajua. Wateja walikwenda kuchukua vitambaa vyao, wengine wameziba pua. Inauma, maana fundi alikuwa kwenye dawa na daktari alishamruhusu kurudi kazini.

Fundi akaja kwao, macho mekundu. "Dada, jambo hili tulilijua mimi na hospitali tu. Nimekukosea nini?"

"Haki ya Mungu, sijafungua mdomo!" Mama aliapa.

Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. "Ni mimi, mama. Nilisoma, nikasema."

Mama hakumpiga. Alimwomba fundi radhi, kisha akapiga simu hospitali na kueleza yote, hata kosa lake la kuacha kompyuta wazi. Daktari mwenyewe, kwa ridhaa ya fundi, alifika mtaani kueleza kwamba fundi haambukizi tena, na baadhi ya wateja wakarudi. Mama hakufukuzwa, ila alifungiwa mtandao ule. Sasa ilimbidi afanyie kazi kule hospitali.

Jumatatu mama alivaa viatu vya kwenda kazini.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini sikia, mwanangu. VPN haikuvujisha hata neno moja. Mimi nilizembea, wewe ukasema. Siri ya mtu ukiiona, hata kwa bahati mbaya, ni amana. Inyamazie."

Kutoka kitandani bibi akauliza, "Leo nani atanigeuza?"

Chiriku alitazama viatu vya mama, kisha begi lake la shule.