Tarumbeta Lililotoweka kwa Mama Fumie

Asubuhi ya Jumatano, Mama Fumie Ogata alirudi kutoka soko la samaki, akafungua duka lake la oden, mchuzi wa mayai na figili, na kutazama ukutani, juu ya jiko la mafuta ya taa. Msumari ulikuwapo. Tarumbeta halikuwapo.

Aliketi kwenye stuli akapiga simu polisi, kofia ya sufu ingali kichwani.

Inspekta Tsuruoka Michiko alifika kabla maji ya chai hayajachemka. Hakuhitaji kuelezwa ni tarumbeta gani. Hapa Hamanose hakuna asiyelijua. Marehemu Ogata, mume wa Fumie, alikuwa kiongozi wa washangiliaji wa timu yetu ya besiboli, Korongo, na ndiye aliyemtungia mrushaji Ezure Takuma wimbo wake. Miaka minane iliyopita Ezure alihamia timu kubwa ya mji mkuu kwa mkataba mnono. Ogata akalitundika tarumbeta ukutani, akasema lisiguswe mpaka Ezure arudi. Mwaka uliofuata akafariki. Wimbo ule haujapigwa tena, na sisi tunaukosa, tusidanganyane. Hata wanaomwita Ezure msaliti huuimba kwa midomo iliyofungwa wakiwa bafuni.

Sasa Ezure, akiwa na miaka thelathini na sita, alikuwa mchezaji huru tena. Korongo walimtaka, na timu yake ilitaka kumbakiza kwa dau lilelile. Aliwaambia waandishi kwamba Ijumaa adhuhuri angepita kwa Mama Fumie. Kama tarumbeta bado liko ukutani, angesaini nyumbani. Kama limeondolewa, angejua ameshasahauliwa.

"Mara ya mwisho uliliona lini?" aliuliza inspekta.

"Jana jioni. Wale wazee wangu watatu walikuwa hapa, wanagombana kama kawaida."

"Na ufunguo?"

"Chini ya ndoo ya figili za chumvi. Wateja wote wanajua, afande. Hata wewe unajua."

Inspekta alikohoa kidogo, akaendelea na ukaguzi. Mlango haukuvunjwa. Theluji ya barabarani ilikuwa imekwisha kuvurugwa na watoto wa shule, kwa hiyo nyayo za nje hazikumfaa. Ndani, sakafu ya saruji ilikuwa na majimaji hadi kwenye jiwe la kuvulia viatu, mbele ya jukwaa la mikeka, ambalo bila kulipanda huwezi kuufikia msumari. Juu ya jiwe palikuwa na alama mbili mbichi za viatu, vidole vikielekea mlangoni. Mikeka yenyewe ilikuwa mikavu na safi.

"Wewe ulipanda hapa leo?"

"Sijapanda. Nimeingia na kukaa hapa hapa."

"Basi mwizi alivua viatu, akavigeuza vizuri vielekee nje, ndipo akapanda kuiba," alisema inspekta. "Huyu si mtu wa kupita njia. Anaiheshimu nyumba yako."

Kando ya msumari, kwenye kirafu kidogo, mpira wenye saini ya Ezure ulikuwa umekaa salama. Inspekta aliutazama sana.

"Niambie walichogombania jana."

Mama Fumie alisimulia huku akimenya mayai. Mzee Kuwabara, aliyekuwa muuza mchele, ndiye aliyeanza.

"Yeni milioni mia nne kwa mwaka, tena miaka mitatu! Kwa bega la mzee! Hela hiyo unanunua wapigaji wawili na chenji inabaki."

"Wewe kila kitu unakipima kwa kilo," alijibu Miyake, dereva wa teksi. "Bega hilo lilitubeba sisi."

"Lilitubeba, halafu likatutua njiani! Akisaini tu, tarumbeta hilo nalitupa bandarini kwa mikono yangu."

"Usilitupe, niuzie mimi," aliingilia Hosoi, mwenye duka la vitu vya kale. "Mama, mara ya mwisho naomba. Taja bei."

"Bei yake ni wewe kunyamaza," alisema Mama Fumie, wakacheka.

Kisha wakaingia kwenye mchezo wa kukinga, ambao mji mzima huucheza kila Desemba kukiwa na usajili wa namna hiyo. Timu inayonyang'anywa nyota kama Ezure huruhusiwa kuchukua fidia, yaani mchezaji mmoja wa timu iliyomsajili, ila asiwe miongoni mwa ishirini na wanane waliokingwa. Basi kila shabiki hujifanya mkurugenzi, akataja wake. Kuwabara alikinga vijana wapigaji. Hosoi alikinga wenye sura nzuri, kwa sababu jezi zao hununuliwa. Miyake alimwacha nje nahodha Aramaki, akamkinga namba sitini na moja, Hirosawa, mrushaji wa timu yetu ya akiba ambaye hajawahi kurusha hata mpira mmoja kwenye uwanja mkubwa.

"Kuwabara alicheka mpaka yai likamkwama kooni," alisema Mama Fumie. "Miyake hakucheka. Alilipa akaondoka."

Siku hiyo hiyo inspekta alimfuata Kuwabara nyumbani.

"Ulitishia kulitupa baharini."

"Nimetishia vingi maishani. Nilitishia kumwacha mke wangu, mwaka wa arobaini huu." Mzee alipiga goti lake kwa fimbo. "Tangu nipasuliwe hili, viatu navuliwa na mke wangu. Muulize Fumie kama nimewahi kupanda mikekani tangu hapo. Nakaa kaunta kama mwanafunzi aliyeadhibiwa."

Inspekta aliyatazama mabuti yake marefu ya kamba, akamwamini. Alipogeuka kuondoka, mzee alimwita.

"Afande. Ezure akija alione tarumbeta. Mimi namtukana kwa sababu nilikuwa nampenda. Usimwambie Miyake."

Hosoi hakusubiri kuulizwa.

"Najua umekuja kwa ajili yangu. Lakini dada, mimi ni mfanyabiashara! Tarumbeta lililobonyea ni ukumbusho tu. Mpira ule wenye saini ndio mali. Ningekuwa mwizi, ningeuacha mpira?"

"Usingeuacha," alikiri inspekta.

Alibaki mmoja, yule aliyempigania Ezure kuliko wote. Tsuruoka alihangaika na jambo hilo usiku mzima. Mtu anamtaka Ezure arudi, kwa nini auondoe mwaliko wenyewe? Alhamisi, akimkumbuka yule mrushaji ambaye Miyake peke yake alimkinga, alikwenda kwenye bweni la timu ya akiba, akamkuta mpishi akifagia theluji.

"Hirosawa? Kijana mtulivu. Amelelewa na mama yake, jina analotumia ni la mama," alisema mpishi. "Baba simjui."

"Kuna mtu huja kumtazama?"

"Yeye? Hana mashabiki, maskini. Ila kuna teksi moja huegeshwa pale kwenye uzio wakati wa mazoezi. Haina abiria, wala dereva hashuki. Nilidhani anakula chakula chake cha mchana."

Ijumaa, saa moja kabla ya Ezure kufika, inspekta aliwaita wote watatu dukani. Jiko lilikuwa linawaka, lakini hakuna aliyevua koti. Mama Fumie alisimama nyuma ya sufuria, macho yake kwenye msumari.

"Mwizi alivua viatu akapanda mikekani," alianza inspekta. "Mzee Kuwabara hawezi. Mwizi aliuacha mpira wa thamani. Bwana Hosoi asingeweza."

"Asante," alisema Hosoi. "Nadhani."

"Aliyelichukua hakutaka tarumbeta. Alitaka Ezure aukute ukuta mtupu, aghairi. Kwa sababu Ezure akisaini, fidia italipwa, na kuna kijana mmoja ambaye hakuna mkurugenzi atakayepoteza nafasi kumkinga." Akamgeukia dereva. "Bwana Miyake, Hirosawa ni nani wako?"

Miyake aliinamisha kichwa.

"Ni mwanangu," alisema Miyake. "Mama yake aliondoka naye akiwa na miaka minne. Kosa lilikuwa langu, nilikuwa mlevi. Sijazungumza naye tangu hapo. Timu zote za nchi hii zingeweza kumchukua, na ikamchukua ya kwetu. Nilipoona jina lake gazetini nililia ndani ya gari, abiria akashuka akidhani nimefiwa."

"Kwa nini hukumwendea?" aliuliza Mama Fumie.

"Nimwambie nini? Namtazama pale kwenye uzio. Nimejua anavyotembea, nimejua anacheka na nani. Akipelekwa mji mkuu, hata hicho kidogo nakikosa."

"Na Ezure ulimpigania bure?"

"Sikudanganya, Mama. Nampenda Ezure. Kila niliposema arudi, nilimaanisha. Halafu nikifika nyumbani nahisi nimemuuza mwanangu." Akaufuta uso kwa glavu zake nyeupe za kazi. "Lipo kwenye buti la teksi. Nimelifunga blanketi. Nifunge pingu, afande."

Inspekta alimtazama Mama Fumie, kwa kuwa mali ilikuwa yake. Mchuzi ulianza kufurika, Mama Fumie akaugeukia. Akapunguza moto.

"Mume wangu alikufa akimsubiri mtu aliye mbali na asiye wa damu yake," alisema. "Wa kwako yuko mtaa wa pili, na wewe unamchungulia kama mwizi. Hilo ndilo linaloniuma, si tarumbeta. Lilete. Mimi simshitaki mtu. Lakini kijana akichaguliwa, utakwenda kumuaga. Usipokwenda, hapa kwangu usikanyage tena."

Ezure aliingia adhuhuri, amenenepa kidogo, akaliona tarumbeta ukutani, akavua kofia. Alisaini jioni ile, tukashangilia mpaka sauti zikatukauka.

Katikati ya Januari timu ya mji mkuu ilitangaza fidia yake: namba sitini na moja, Hirosawa. Kuwabara hakula yai siku hiyo.

Miyake alimwomba inspekta amsindikize stesheni, asije akakimbia. Walimkuta kijana jukwaani, peke yake, na begi moja refu. Miyake alisimama hatua chache kutoka kwake, akainama sana, kama anavyowainamia abiria wakubwa, akashindwa kuinuka.

"Mimi ni..." alianza.

"Nakujua," alisema kijana. "Wewe ni wa teksi. Nilikuwa nakuona kila siku." Treni ilikuwa inaingia, ikabidi apaze sauti. "Mama aliniachia picha yako. Nilikuwa nasubiri ushuke."