Makaa ya Kupasha Miguu Joto

Mahubiri yalikuwa hayajafika nusu mtu wa mlangoni alipopaza sauti: "Moto! Ghala la Gideon!"

Kijiji kizima cha Harrow Brook kikamwagika kwenye theluji. Ghala la Bwana Gideon liliwaka lote kwa pamoja, ndimi za moto zikipanda juu kuliko paa la nyumba ya ibada. Hakuna aliyeinua ndoo. Watu waliduwaa, wengine wakapiga magoti. Nafaka yote iliteketea, pamoja na mkokoteni uliokwisha kupakiwa vyombo vya binti yake, ambaye wiki ile angeolewa na kijana Asahel na kuhamia naye misitu ya mbali.

Konstebo alimkamata Keziah, mtumishi wa Gideon aliyefungwa kwa mkataba wa miaka. Alichelewa ibadani, na juzi tu tajiri wake alimchapa.

"Nilikuwa namzalisha ng'ombe!" Keziah alilia.

"Kamwambie hakimu. Kwa sheria ya Mfalme, mchoma ghala hunyongwa."

Bi Jerusha, mkunga wa kijiji, alikwenda kwenye zizi la kando. Kweli, ndama alikuwapo, bado amelowa.

"Ndama huyu hapa, konstebo."

"Mtu anaweza kuzalisha ng'ombe na kuwasha moto pia, mama."

"Huo moto kautoa wapi? Nimeyaona makaa ya jiko la Gideon: yamefukiwa majivuni tangu alfajiri, hata hayajachokolewa."

Konstebo alimfunga Keziah kamba mikononi. Hapo Bi Jerusha alikumbuka jambo. Nyumba ya ibada haina jiko. Kila mwanamke huenda na kisanduku cha makaa cha kupasha miguu joto. Asubuhi ile, kama kawaida, aliweka miguu juu ya kisanduku cha jirani yake benchini, Bi Mehitabel, maana walizoea kukichangia. Kilikuwa baridi kama jiwe la kaburi.

Alimkuta Mehitabel jikoni, anakoroga uji wa mahindi. Asahel, mwanawe pekee aliyesalia, alikuwa anavua viatu.

"Mama Asahel, makaa yako ya leo yalikwenda wapi?"

"Wewe nawe! Yalizimika."

"Kutoka hapa hadi kanisani? Hata chai haipoi."

"Basi niliyamwaga. Yalikuwa yananiunguza mkono."

"Uliyamwaga wapi, dada? Nimeifuata njia yako yote. Theluji ni nyeupe tupu, hamna hata doa jeusi, mpaka pale inapopita mlangoni pa ghala."

Mwiko ukasimama. Asahel alimtazama mama yake.

"Mama, sema si wewe."

"Nilitaka kuuchoma mkokoteni tu!" Mehitabel alipasuka. "Usipokuwapo mkokoteni, hamwondoki. Sikudhani moto utaruka. Nimezika wanangu watano, Asahel. Huyu mkunga ni shahidi. Wewe ningekuachaje uende nisikuone tena?"

"Na Keziah je? Ungemwacha anyongwe?" Bi Jerusha aliuliza.

Mehitabel alirudi kukoroga uji. Bi Jerusha aliitazama mikono yake. Ndiyo iliyowapokea watoto wale wote sita. Hakujua kwamba upendo aliouona kwenye vitanda vile vya uzazi ungeweza kuuchoma ulimwengu na kumtoa kafara mtoto wa mama mwingine.

Alimshika Mehitabel mkono, wakaenda kwa konstebo. Jioni ile Keziah alifunguliwa. Mehitabel aliepuka kitanzi kwa kuungama, akafungwa katika gereza la mji.

Gideon alivunja uchumba wa binti yake. Asahel hakwenda msituni. Kila Jumamosi alipeleka mkate kwenye dirisha la gereza kwa mama yake, akauweka, akageuka, akaondoka bila neno.